Anatakiwa na Ukoo

Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi. Vumbi lilikuwa limeufunika mji wa Abu Sidra tangu alfajiri, na jua lilionekana dogo na jekundu kama jicho la mgonjwa. Hema la matanga lilikuwa limeng'olewa jana yake, siku ya tatu ilipotimia. Mbele ya nyumba ya Hatif, mlinzi wa tanuri la matofali, yalibaki mashimo manne ya vigingi na harufu ya kahawa chungu iliyomwagika mchangani.

Fakhriya, mke wa Hatif, alikuwa amekaa kizingitini na sinia la mchele magotini, akichagua mawe kwenye mchele ambao hakuna aliyeuomba. Shemeji yake Khayun aliingia uani bila kubisha hodi. Alishika mkebe wa rangi ya kupuliza, na vidole vyake viwili vilikuwa vyekundu.

"Kazi imekwisha, Mama Raad," alisema. "Nimemwandikia. Mlangoni pa kliniki yake, halafu ukutani kwa baba yake anakoishi. Herufi kubwa hivi! Hata kipofu atazisoma."

"Umeandika nini?"

"Kinachoandikwa siku zote mtu akidaiwa damu. 'Daktari Sarmad anatakiwa na ukoo.' Sasa na aje atuambie tena habari za mashine mbovu."

Fakhriya aliitazama ile rangi kwenye vidole vya shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alihisi njaa. Aliinuka, akakata kipande cha mkate wa jana, akakila akiwa amesimama.

Jumamosi saa sita mchana mwanawe wa pekee, Raad, fundi vigae wa miaka ishirini na mmoja, alianguka kutoka ghorofa ya pili ya nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi. Alifika hospitali ya wilaya akiwa anaongea. Daktari kijana aitwaye Sarmad alimbonyeza tumbo, akampiga ultrasaundi, akasema, "Bandama limepasuka. Tunaingia chumba cha upasuaji sasa hivi." Nusu saa baadaye daktari yuleyule alirudi na uso mwingine. Alisema mashine ya nusukaputi imeharibika na kijana lazima akimbizwe hospitali kubwa ya Nasiria, mwendo wa saa moja na nusu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliwasimamisha, akataka kitambulisho cha mama, akakigeuza mbele na nyuma kana kwamba ni noti bandia. Raad aliomba maji mara mbili. Mara ya tatu hakuomba.

Hatif alitoka ndani akiburuta kandambili. Alikuwa mkubwa kwa Khayun kwa miaka minane, lakini tangu utotoni mdogo ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili.

"Na kama mashine kweli ilikuwa mbovu?" aliuliza.

"Ewe kaka yangu," Khayun alisema, "wewe hata ukiambiwa jua limechelewa kuchomoza kwa sababu ya foleni ya magari, utaamini."

"Nauliza tu."

"Usiulize. Wameshazoea kutufanya punda hawa. Asubuhi hospitalini hakuna dawa, jioni kliniki kwake dawa zipo. Asubuhi hana muda wa kukutazama, jioni anakuita hajji na kukushika bega. Mwaka jana hospitali ile ilinituma dukani kununua sindano, pamba na glavu za nesi. Nilimuuliza nesi, 'Na wewe mwenyewe nikununue duka gani?'" Alimgeukia shemeji yake. "Lakini Jumamosi walituona. Nilipoingia na wanaume kumi na wawili, manesi walinywea kama kuku walioona kipanga. Sivyo, Mama Raad?"

"Mimi ndiye niliyekupigia simu," Fakhriya alisema. Alilisema hilo kwa fahari. Katika siku nne zile, simu hiyo ndiyo kitu pekee alichoamini kwamba alikifanya kwa ajili ya mwanawe.

"Ulifanya la mama mwenye akili. Na fidia yake tutaichukua, naapa kwa haki ya mikono ya shahidi Abbas!"

"Sitaki fidia. Nataka alie."

"Atalia. Wote hulia wakitajiwa kiwango."

Alhamisi jioni wazee sita wa upande wa daktari walikwenda katika ukumbi wa mwanzi wa Sheikh Mizhir, mkuu wa ukoo wa kina Hatif. Waliletewa kahawa, wakaviweka vikombe chini bila kuvigusa. Hivyo ndivyo mgeni anavyosema kwamba ana haja, na kwamba hatakunywa mpaka akubaliwe. Baba yake daktari, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu ya waliomo ukumbini aliwafundisha kusoma, aliomba muhula wa siku kumi. Katika muhula hakuna anayemgusa anayetakiwa, wala mali yake, wala watu wake. Sheikh Mizhir aliwapa siku kumi. Wakanywa kahawa iliyopoa.

Jumapili iliyofuata Fakhriya alikwenda hospitali kuchukua vitu vya Raad: shati, mkanda, simu na futi ya kupimia vigae. Dirisha la kwanza lilimtuma la pili. Dirisha la pili lilitaka cheti cha kifo na nakala mbili. Kibanda cha nakala kilikuwa ng'ambo ya barabara na mashine yake ilikuwa ikisubiri umeme. Baada ya kusimama juani kwa muda wa kutosha kusoma matangazo yote ya ukutani mara tatu, alirudi na nakala zake. Karani alisema, bila kuinua kichwa, "Dirisha hili limefungwa. Njoo kesho."

"Nimetumwa hapa."

"Na mimi nakutuma kesho, mama. Hujui kesho? Ni baada ya leo."

Kisha karani akalisoma jina kwenye cheti. Akasimama wima. Akavuta kiti kutoka chumba cha nyuma, akakipangusa kwa mkono wa shati lake.

"Samahani sana, mama yangu. Kaa. Kaa tafadhali. Uletewe chai? Wee Adil, chai kwa mama!"

Fakhriya hakukaa. Aliyaona macho ya yule karani, na kwa mara nyingine alihisi ladha ileile aliyoihisi Jumatano: ladha ya kuogopwa. Ilikuwa tamu. Kwa miaka arobaini na sita watu wa madirishani walikuwa wamemtuma kesho, na leo jina la ukoo peke yake lilimletea chai.

Vitu vya Raad vilikuwa vimehifadhiwa ghorofani, karibu na chumba cha upasuaji. Mlangoni pa chumba hicho palibandikwa karatasi mpya iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Kesi zote nzito zinapelekwa Nasiria." Chini yake wanawake wawili walikaa sakafuni na mgonjwa wao kwenye machela, wakisubiri gari. Nesi mtu mzima aitwaye Badriya alitoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

"Pole, dada yangu," alisema. "Mungu amrehemu. Nilikuwa nimeshamwandalia kitanda."

"Na mashine imeshatengenezwa?"

"Mashine ipi?"

"Ya nusukaputi. Iliyoharibika Jumamosi ile."

Badriya alikunja uso kwa mshangao wa kweli. Alikuwa ndani muda wote ule akipanga vyombo, na hakuna aliyemfundisha la kusema.

"Haikuharibika, dada. Jumamosi ileile saa tisa tulimpasua mama mmoja kidole tumbo, akalala, akaamka. Yuko kwake sasa."

"Nani alimpasua?"

Hapo ndipo nesi alipotambua alikokanyaga. Alitazama nyuma yake.

"Nani alimpasua, dada?"

"Dokta Sarmad," Badriya alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, nina watoto."

Fakhriya aliuchukua mfuko. Hakushuka kwenda kituo cha basi. Alivuka daraja kwa miguu, akafuata barabara ya shule, akiwa ameufumbata mfuko kifuani na midomo yake ikitembea. Alikuwa akipanga maneno. Alitaka yawe machache, na kila moja liingie kama mwiba wa samaki.

Nyumba ya mwalimu mkuu aliitambua kwa zulia. Mtu ambaye ukuta wake umeandikwa haruhusiwi kuufuta kabla ya suluhu, kwa hiyo mzee alikuwa ametundika zulia la sebuleni juu ya yale maandishi, kama mtu anayemfunika maiti. Herufi za mwisho zilikuwa zimetokeza upande wa kushoto. Fakhriya alilishika zulia kwa ncha, akalivuta, likaanguka vumbini. Kisha akagonga mlango.

Alifungua daktari mwenyewe. Hakuwa na koti jeupe. Alionekana mdogo, ana miaka thelathini labda, ndevu hazijanyolewa. Nyuma yake ukumbini kulikuwa na maboksi matano yamefungwa kwa utepe.

"Unasafiri, daktari?"

Alimtambua. Alirudi hatua moja. "Mama, kuna muhula."

"Muhula ni wa wanaume. Mimi nimekuja kukuuliza swali moja. Ile mashine ilikuwa mbovu?"

Fakhriya alidhani daktari atadanganya tena. Maneno yake yote alikuwa ameyapanga kwa ajili ya uongo. Lakini daktari alitazama barabara, akalitazama zulia lililoanguka, akasema, "Ilikuwa nzima."

"Mbwa wewe."

"Ndiyo."

"Usinijibu 'ndiyo'! Kwa nini? Tulikukosea nini? Tulikunyima nini? Kama ulitaka pesa ungesema, ningeuza mlango wa nyumba yangu!"

"Sikutaka pesa. Nilikuwa nimeshanawa mikono." Aliinyoosha mbele yake, mitupu, kana kwamba maji bado yalikuwa yakichuruzika. "Nilitoka nje kuchukua saini ya baba. Yule ndugu yenu mwenye kilemba alinishika kola. Alisema, 'Akitoka hapa amekufa, na wewe utatoka umebebwa. Unatujua sisi ni nani?' Wawili walisimama mlangoni kwangu. Mmoja alifunua shati nikaona bastola. Mama, mwezi wa pili mwenzangu alimfungua mgonjwa ambaye hata angepelekwa London asingepona. Alikufa. Ndugu wa marehemu walimvunja mwenzangu mkono wa kulia kwa chuma cha kitanda. Plasta nilimfunga mimi."

"Sikuulizi habari za mwenzako. Mwanangu alikuwa na nafasi ngapi?"

Daktari aliishusha mikono yake.

"Sema. Umesoma kwa kodi zetu, sema!"

"Kwa kisu, pale pale, saba kati ya kumi."

"Na barabarani?"

"Moja."

"Uliijua hiyo moja ulipompandisha garini?"

"Niliijua."

Fakhriya alijiegemeza kwenye ukuta, palepale penye maandishi. "Uliogopa mdomo wa mtu kuliko damu ya mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama. Akifia mezani, nimemwua mimi. Akifia barabarani, ni kudra. Sote pale hospitali tunafanya hivyo sasa. Siku hizi kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, tunamuuliza ni wa ukoo gani."

Lakini Fakhriya hakuwa akiyasikia tena maneno ya mwisho. Alikuwa akisikia mengine, ya sauti yake mwenyewe, aliyoyasema kwenye simu Jumamosi ile saa sita na dakika arobaini, akiwa kwenye korido amesimama karibu na ndoo ya kupigia deki: Khayun, njoo na wanaume. Mwambie daktari sisi ni nani, asije akamfanyia mwanangu mzaha.

Daktari aliingia ndani, akamletea Fakhriya maji. Hakuyagusa.

"Utayasema haya mbele za watu," alisema hatimaye.

"Nikiyasema wataniambia najitetea. Fidia itakuwa maradufu."

"Utayasema. Sijakusamehe, usijidanganye. Ila sitaki mtu mmoja aibebe peke yake damu ambayo tuliimwaga wengi."

Khayun alikuja kula chakula cha usiku, kama alivyokuwa akija kila siku tangu msiba. Alikula samaki wa kuchoma kwa hamu na kusifu achari. Alieleza jinsi Sheikh Mizhir atakavyoanza na dinari milioni mia moja, na jinsi zitakavyogawanywa: fungu la mfuko wa ukoo, fungu la wazazi, na kitu kidogo kwa aliyehangaika. Alitaja, kama kwa bahati tu, kwamba injini ya pikapu yake imekufa.

"Mashine ilikuwa nzima," Fakhriya alisema.

Khayun aliacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Nesi. Na yeye mwenyewe."

"Allahu akbar!" Alipiga paja. "Basi tumemshika pabaya. Hiyo peke yake ni milioni ishirini zaidi. Mama Raad, wewe ungezaliwa mwanaume ungekuwa wakili."

"Ulimwambia nini mlangoni?"

"Mlangoni wapi?"

"Khayun, mimi si mtoto."

"Nilimtia adabu. Daktari bila adabu anachinja. Si wewe uliyenituma nimwambie sisi ni nani? Nilimwambia."

"Nilikutuma."

"Haya. Basi kuna nini?"

"Alikuwa ameshanawa mikono."

Khayun alipangusa vidole vyake kimoja kimoja. Rangi nyekundu ilikuwa bado kwenye kucha. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemfunga ng'ombe anayetaka kuruka.

"Sikiliza, shemeji. Habari ya mashine ni nzuri, tutaitumia. Hiyo nyingine iache huko huko ulikoiokota. Nani anataka kusikia kwamba tuliogopwa mno? Kuogopwa ndiko kunakotulinda. Wasiotuogopa huwa wanatufanya nini? Wewe unajua."

Fakhriya alijua. Alikumbuka kiti kilichopanguswa kwa mkono wa shati. Alikumbuka utamu wake, akaisukuma sahani yake mbali.

Hatif alikuwa amekaa pembeni na sigara. Aliizima kwenye sahani yake, juu ya samaki ambaye hakumla.

Siku ya suluhu ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Hewa ilikuwa nzito bila upepo, na ndani ya ukumbi wa mwanzi wa Sheikh Mizhir wanaume zaidi ya mia walikaa pande mbili, wametazamana. Daktari Sarmad alikaa kati ya baba yake na mzee mmoja wa ukoo wao, magoti pamoja, kama mwanafunzi aliyechelewa. Wanawake walikaa nyuma ya kiambaza cha matete. Mama yake Sheikh alikuwa amempa Fakhriya mto wa kuegemea, akamnong'oneza, "Tulia, binti yangu. Wanaume watalimaliza."

Walianza kulimaliza. Sheikh Mizhir alisema damu ya Raad ni milioni mia moja. Upande wa pili hawakubisha. Ni utovu wa adabu kubisha. Badala yake walinyanyuka mmoja mmoja.

"Kwa ajili ya Mwenyezi Mungu?"

"Kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nimeondoa kumi," alisema Sheikh.

"Kwa ajili ya Mtume na watu wa nyumba yake?"

"Ishirini."

"Kwa ajili ya masayidi, kizazi cha Mtume, waliotutangulia humu ndani?"

"Kumi."

"Kwa ajili ya mzee huyu, aliyekufundisha alifu?"

Watu walicheka kidogo. Sheikh alicheka pia. "Alinichapa sana huyu. Lakini basi, kumi. Na tano nyingine, nisije nikachapwa tena."

Nyuma ya matete Fakhriya alihesabu. Kila aliyeheshimiwa aliondoka na kipande cha mwanawe. Walimgawa kwa tabasamu na mikono kifuani, na kila mmoja akasifiwa kwa ukarimu wake kwa kitu ambacho hakikuwa chake. Khayun alisimama kutaja habari ya mashine, kwa sauti ya uchungu aliyoifanyia mazoezi, na Sheikh akarudisha ishirini. Kisha mtu akaomba kwa ajili ya mvua, nazo zikapungua tena.

Fakhriya aliinuka. Mama yake Sheikh alimshika pindo, pindo likamponyoka. Alikizunguka kiambaza, akaingia kati ya safu mbili za wanaume, akalivua baibui lake na kulitupa chini mbele ya vikombe vya kahawa. Alibaki na kitambaa cha kichwa na gauni la nyumbani lililofifia.

Mwanamke akitupa baibui mbele za wanaume, hakuna mwenye heshima anayeweza kumnyima haja yake, hata kabla haijatajwa.

"Livae, dada yetu," Sheikh Mizhir alisema, macho yake chini. "Haja yako imetimia. Sema."

"Haja yangu ni kwamba daktari huyu aseme kilichotokea mlangoni. Asikatizwe. Akimaliza, Khayun ajibu."

"Mama Raad!" Khayun alisimama. "Jamani, msiba umemzidi. Mchukueni akapumzike."

"Haja imeshakubaliwa," Sheikh alisema. "Kaa chini."

Daktari alisema. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema kuhusu kola, bastola, maji mikononi, nafasi saba kati ya kumi kwa kisu, na moja tu barabarani. Aliposema "nilidanganya," baba yake alifumba macho. Aliposema maneno ya Khayun, wanaume kumi na wawili waliokuwa wametapakaa ukumbini walianza kutazama mikono yao.

"Uongo!" alisema Khayun. "Sikumgusa. Anakwepa fidia. Nani shahidi? Aseme mmoja!"

Hakuna aliyesema. Khayun alianza kutabasamu.

"Mimi," alisema Hatif.

Alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pa watu wa kumimina kahawa. Hakusimama.

"Nilikuwa nimeishika kalamu nitie saini. Alisema hivyo hivyo alivyosema daktari. Nami nikaona tunaheshimiwa. Nikafurahi."

Sheikh Mizhir alichezea tasbihi yake. Alikuwa mtu mwepesi wa kuona maji yanaelekea wapi. "Ukoo haujidai wenyewe damu," alisema. "Hilo mnalijua. Mtu wetu hatuwezi kumtoza kwa mtu wetu. Kwa hiyo nasema hivi: daktari alidanganya, atalipa milioni tano, za kafara ya uongo wake. Wengine tumewasamehe. Na yaliyosemwa humu yameishia humu. Leteni kahawa."

"Nidaini mimi," Fakhriya alisema.

"Dada, tumemaliza."

"Mimi ndiye niliyepiga simu. Nilimwambia Khayun aje na wanaume. Mkinidai mimi na yeye, hapo mtakuwa mmemaliza."

"Tumemaliza," Sheikh alirudia, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayefunga mlango. Kahawa ilizunguka. Watu walikunywa haraka, bila kutazamana.

Nje, kwenye vumbi la magari, Fakhriya alimfuata daktari mpaka penye gari la baba yake. Alikuwa amelivaa tena baibui, lina mchanga begani.

"Yale maboksi uyafungue," alimwambia.

"Mama?"

"Hutaondoka Abu Sidra. Kila bandama litakalopasuka mji huu utalifungua wewe, na kila ukinawa mikono utamkumbuka Raad. Hiyo ndiyo fidia yangu. Siku utakayokimbia nitakuandika kwa mkono wangu mimi, na kwangu hakuna wa kumwomba muhula."

Daktari alitaka kumjibu. Baba yake alimgusa kiwiko, naye daktari akaingia garini.

Sheikh Mizhir alipeleka zilizobaki katika zile milioni tano kwa Hatif siku ya pili, baada ya kutoa fungu la mfuko wa ukoo. Hatif alizipeleka kwa nesi Badriya zinunuliwe glavu, pamba na sindano, akarudi kazini tanurini. Mwalimu mkuu aliufuta ukuta wake kwa mafuta ya taa, akalikung'uta zulia na kulirudisha sebuleni. Daktari Sarmad alifungua maboksi manne. La tano aliliacha limefungwa karibu na mlango. Jumatatu saa mbili asubuhi alibandua ile karatasi ya Nasiria, akampasua mtoto wa muuza maziwa, na nje aliruhusu ndugu mmoja tu, bila kuuliza wa ukoo gani. Khayun aliuza pikapu isiyo na injini, kisha akaenda kukaa kwa wakwe zake Kut, akisema ni kwa wiki moja.

Fakhriya alinunua mkebe wa rangi nyekundu sokoni, mchana kweupe, mbele za watu. Aliandika kwenye geti la Khayun: "Anatakiwa na ukoo." Alirudi nyumbani, akaandika maneno hayohayo kwenye ukuta wake mwenyewe, juu ya mashimo ya vigingi vya hema, na chini yake akaandika jina lake. Kisha akanawa mikono, akakaa kizingitini na sinia la mchele.

Hakuna aliyekuja kuomba muhula.